Siku Niliyofuta Maneno ya Baba

Tarehe 12 Aprili 2003, Jumamosi, nilipoteza maneno ya marehemu baba kwa mkono wangu mwenyewe, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Kabla hajafa, baba alinisimulia maisha yake jioni tano mfululizo, nami (niliyeishia darasa la saba, mpiga chapa wa Kyela mjini) nikayaandika kwenye kompyuta ili yasomwe siku ya kumaliza matanga. Masika yale umeme ulikatika kila mvua ilipogusa bati, nikaogopa siku moja utaondoka nayo. Rafiki yangu wa Mbeya akaniletea CD ya Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, akasema ina mpangilio wa kuhifadhi mafaili usioharibika umeme ukikatika. Nikaiweka. Ikaniuliza: nibakize mpangilio wa zamani, au niweke mpya kwenye diski yote? Mvua ilikuwa imetulia, harufu ya mpunga ikiingia dirishani, sauti ya baba kama bado imo chumbani, nami kama mtu aliye usingizini nikachagua mpya, diski yote. Nilidhani nafunga mlango vizuri, kumbe nafuta kila kilichokuwemo. (Nakala kwenye disketi? Sikuwa nayo.)

Ningekiri siku ileile, yangeisha. Lakini niliona haya, na Jumamosi iliyofuata nikasimama uani kwetu Bujonde, mbele ya waombolezaji wote, na karatasi tatu tupu, nikajifanya nasoma. Kwa mbali wadudu wa kungu walipanda juu ya ziwa kama moshi, nikawa nawatazama wao huku nikitunga, nikamfikisha baba mpaka machimbo ya Afrika Kusini.

“Machimbo gani?” shangazi, dada yake baba, akadakia. “Huyo hakuvuka hata mto Songwe hapo mpakani! Soma vizuri, mwanangu.”

“Asome nini, mama?” jirani aliyekuwa nyuma yangu akasema. “Karatasi nyeupe kama wali!”

Uani pakalipuka kicheko, msibani. Nikasema ukweli wote, nikilia.

Shangazi akanivuta mkekani.

“Toa kalamu. Kaka yangu aliogopa maji. Tukienda kuoga ziwani alinishika gauni.”

Baba hakunieleza hilo.

“Si gauni,” jirani akabisha, “alishika mkia wa ng'ombe, nilimwona!”

“Ulimwona wapi, we mzee?”

Wakabishana, nami nikaandika yote mawili.