Baba Aliyepata Pumzi Akilala

Miaka ile ya ujamaa, mwanamume kulala mchana ilikuwa kesi. Balozi wa nyumba kumi alipopita kwetu Buganguzi kuhimiza watu waende shamba la kijiji, alimkuta baba kalala chali juu ya nyasi tulizotandaza sakafuni, anaongea, anacheka, anamtania hata yeye.

"Mgonjwa gani huyu mwenye maneno mengi?" akaniuliza. Niliona aibu.

Baba alikuwa na ini lililoharibika. Daktari wa Bukoba mjini alishatuambia, na macho ya manjano tuliyaona wenyewe. Kilichotushinda ni pumzi. Mwenye pumu huketi ili apate hewa. Baba akiketi, midomo inageuka buluu. Akilala, pumzi inarudi.

"Niacheni chini," alisema. "Huku ndiko kwenye hewa."

Lakini sisi si ndio tuliojua! Kila siku tulimwegemeza kwa mito.

Washenga walipokuja kuniposa, nilimpigia magoti. "Taata, leo tu, keti. Watasema nini wakikukuta umelala?" Kwetu baba wa binti huwapokea wageni ameketi, huwapa kahawa ya kutafuna, kisha hutamka mwenyewe neno la kukubali. Alisubiri kulitamka neno hilo kuliko mimi nilivyosubiri kulisikia. Akaketi.

Nilisikiliza nyuma ya pazia. Salamu alizimaliza kwa shida. Walipoomba jibu, nilimsikia akihema, akihema tena, basi. Baba mdogo akajibu kwa niaba yake, na wageni wakapiga vigelegele. Baba alifariki kabla ya harusi.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba ini likichakaa, mishipa midogo ya damu ndani ya mapafu huweza kutanuka, damu ikapita bila kubeba hewa ya kutosha. Mgonjwa akiketi au kusimama, damu nyingi hushukia mishipa hiyo, naye huzidiwa. Nililia mbele yake bila haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu alisema kila siku.

Sasa nina wajukuu, na bado namkumbuka baba, hasa mchana nyumba ikiwa kimya. Ingekuwa leo, ningewaingiza washenga chumbani alikolala. Angewajibu vizuri, tena kwa utani. Niliolewa kwa sauti ya baba mdogo, na ile ya baba ikikubali posa yangu sikuisikia kamwe.