Baba yangu ukingoni mwa bwawa

Leo baba yangu, mzee wa miaka tisini, ameniliza mbele ya watu.

Nilimtoa Muleba tuje kula hotelini Bukoba.
Akaona maji ya bwawa la kuogelea yameanza ukijani.
Akamwambia mhudumu, "Sugua kuta kwanza, kisha osha chujio. Klorini tia jioni, jua likipoa."

"Mzee, umejifunzia wapi?"

"Enzi za Mwingereza. Nilitunza bwawa la Wazungu miaka saba."

Mhudumu akafurahi, akamwekea kiti ukingoni.
Nikamwambia baba, "Tata, vua viatu, utie miguu majini."

Akageuka kutazama mlangoni.

"Hapana, mwanangu. Wakiniona watanifukuza kazi."

"Akina nani, Tata? Waliondoka zamani."

Hakuvua viatu mpaka tukaondoka.

Jamani, ninyi mngemwambia nini?