Nilivyowatafsiria watu wa Kindu samurai bila kujua Kijapani

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinikuta mwenyewe, na sitaruka hata pale yanaponiaibisha.

Nilipoondoka kwenda kusoma, majirani walisema sitaweza. "Mutoto wa fundi baiskeli wa Mikelenge? Huyu atarudi na ndala tu!"

Nikarudi Kindu na diploma ya umeme, televisheni na mashine ya video. Zilikuwa enzi za Zaire, tunaitana sitwayeni, yaani raia. Mtaa mzima wa Mikelenge nani mwingine alikuwa na video? Hakuna.

Nilikuwa nimefanya kazi kwenye migodi ya kusini, chini ya mainjinia Wajapani. Mmoja alipoondoka aliniachia mashine hiyo na kaseti sita za tamthilia ya kwao ya kale: bwana anaenda vitani na kofia yake ya pembe, samurai wake anabaki kulinda nyumba.

Wazazi wangu walikufa nikiwa huko. Nyumba ilikuwa kimya mno.

Nikatangaza: kila Jumapili mchana, samurai kwangu, natafsiri mwenyewe.

Papa Kitenge wa reli akaniazima jenereta. Jirani yangu Mama Zaina, muuza maandazi, akaniazima mabenchi. Mablanketi ya kuziba madirisha niliazima nyumba kwa nyumba.

Tatizo ni kwamba Kijapani nilikijua cha mgodini tu. Hatari. Bado. Inua. Mengine nilitunga. Samurai akikaa kimya mlangoni, nasema, "Bwana wake yuko njiani, atarudi."

Jumapili tano sebule ilijaa. Nilikuwa mtu mkubwa, wakuu.

Kaseti ya sita, samurai akaonekana anang'oa nyasi kwenye kaburi la siku nyingi. Juu ya jiwe, ile kofia ya pembe.

Papa Kitenge akakohoa. "Sitwayeni, huyu njo yule bwana ulisema atarudi?"

Ningeweza kutunga tena. Nikamtazama yule samurai amepiga magoti peke yake, nikashindwa.

"Kijapani sikijui," nikasema.

Mama Zaina akaangua kicheko. "Tulijua tangu Jumapili ya pili! Muntu anakatwa na upanga, weye unasema wanasalimiana! Tulikuja sababu uko peke yako, baba."

Wakacheka wote. Mimi nilisikia neno moja tu: peke yako. Mtu mwenye diploma, kumbe nahurumiwa!

Kesho yake nikarudisha kila kitu. Jenereta na mafuta tele, mablanketi yamefuliwa, mabenchi nimeyapiga msasa.

Mama Zaina akayatazama. "Yote ya nini? Baki na moja, nipate pa kukaa nikija."

"Mama, mimi sibaki na kitu cha mtu."

Nilijiona samurai kamili. Jumapili iliyofuata nikawasha redio, nikafagia sebule, nikangoja. Hakuna aliyekuja; hakuna tena aliyekuwa na kitu chake cha kufuata kwangu.

Nilichojifunza: kurudisha ni heshima, lakini ukiambiwa baki na benchi, baki nalo.

Nanyi wakuu, ni nani mlimrudishia kila kitu mkajuta? Andikeni hapa chini, nasoma zote.