Siku Niliyogonga Kiatu kwa Jiwe la Makumbusho

Masikio yangu bado yanawaka moto nikikumbuka siku hiyo, lakini kwa vile ninyi ni watu wangu acha niwaambie, mcheke mkimaliza mninyamazie.

Mnajua nina duka la dawa za mifugo huku Bahati. Sasa Kiprono, yule anayenifanyia hesabu za kodi, akaniambia, "Mama Shiro, kuna makumbusho madogo upande wa Elmenteita, wanatafuta watu wa kulipia wanafunzi waende kujifunza huko. Ukichangia, kodi yako inapunguzwa, na watoto nao wanafaidika." Mimi nilisikia ile ya kodi kwanza (sitawadanganya), nikachangia, na shule yetu ilipopangiwa kwenda nikaalikwa kama mgeni wa heshima.

Mgeni wa heshima, mimi! Nikaamua kuvaa viatu vya visigino virefu, na hapo ndipo nilijiharibia, kwa sababu ardhi ya kule ni vumbi jeupe laini kama unga, kisigino kikawa kinazama, nakivuta, kinazama tena, mpaka kikang'oka, msumari nje.

Wakati huo Chebet, dada anayetembeza wageni, alikuwa mbele akiwaeleza watoto vile watu wa kale sana walichonga shoka za mawe, na kwamba hakuna mtu anaruhusiwa kuzigusa. Mimi niko nyuma nachechemea, sisikii chochote, nawaza hotuba yangu tu. Nikaona mawe yamelala ng'ambo ya kamba, nikanyoosha mkono nikaokota moja (lilikaa vizuri mkononi, ungedhani nilipimiwa), nikachutama, nikaanza kugonga ule msumari, ko! ko! ko!

Watoto wote wakageuka. Kisha msichana mmoja akapaza sauti, "Madam! Huyu mathe anatengeneza kiatu na shoka ya watu wa kale!"

Niliruka kusimama, mguu ukanasa kwenye kamba, nikaenda chini kifudifudi, mkono mmoja nimeuinua juu na lile jiwe kama mtu anayevuka mto na simu. Watoto walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Niliinuka nikiwa mweupe kuanzia nyusi hadi goti, utadhani nafanya kazi kwa posho mil ya kusaga unga.

Chebet alilichukua jiwe akaligeuza pole pole, nami nilijua likiwa limevunjika, watoto wetu hawatakanyaga hapo tena, na ni mimi niliyewaleta.

"Halijapata hata mkwaruzo," akasema. Akajaribu kukaza uso, ukakataa. "Watoto, mmeona? Miaka yote hiyo, na bado linafanya kazi!"

Hotuba ilipofika, maneno yote ya kodi na maendeleo yalikuwa yamenitoroka. Nikasimama na kiatu kimoja, nikasema, "Watoto, msiguse kitu," nikaketi. Walinipigia makofi kushinda mheshimiwa yeyote.

Mwaka huu nimechangia tena, na mambo ya kodi sikuuliza (sawa, niliuliza kidogo). Wamenialika, na nitaenda. Lakini nimeapa, mikono yangu itakaa nyuma kama ya mfungwa tangu getini hadi kutoka, na nikiteleza, heri niangukie pua.