Mailo Niliyoichagua

Nakiri leo jambo nililolikana miaka mingi: Kibemba changu ni cha kununulia samaki. Hata hivyo, ndimi ninayesimamia mikataba ya bima katika kliniki zetu za macho, hapa Nchelenge. Afisa wa bima aliponieleza kwa Kibemba lini wakubwa wake wanasaini mkataba wa kulipia upasuaji, nilikamata neno moja tu: mailo. Jana! Umesainiwa! Nikapiga vigelegele, nikawaita wagonjwa wa kisiwa cha Chisenga wavuke mara moja. Wakafika na boti wakiimba.

"Mama, mailo ni jana, tena ni kesho," muuguzi wetu, Mubemba wa hapa hapa, akanionya.

"Weye dada, unifundishe luga miye?"

Simu ikalia. Nikafungua spika, wote wasikie ushindi.

"Madamu," afisa akasema kwa Kiswahili, "kesho wakisaini, nikuletee mukataba saa ngapi?"