Punguzo Alilotafuta Mzee Ndimu

Mara ya kwanza Mzee Ndimu kushughulika na yule mwanamke, alimuuzia kabati lenye mgongo ulioliwa na mchwa.

Hakumdanganya. Aliliegemeza ukutani, akalipiga vanishi mbele, akasubiri aulizwe. Ndivyo samani kuukuu zinavyouzwa: anayetaka kuona mgongo, aseme. Mwanamke hakusema. Alichofanya ni kutaja bei ya chini mno hata Ndimu akajikohoza, kisha wakavutana weee, wakakutana katikati. Ndimu alimsindikiza kwa macho akiwaza: huyu anaanzia mbali makusudi ili arudi karibu. Jina la Ndimu wateja ndio waliompa, kwa kuwa hakuna aliyetoka dukani kwake bila kukunja uso.

Miezi minne baadaye miguu yake ikaanza kuvimba, viatu vikamkataa. Hospitali wakapima damu na mkojo. Daktari akamwambia presha ya muda mrefu imezichosha figo zake. Zinafanya kazi kwa asilimia arobaini na mbili tu. Zikishuka sana, itabidi asafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Duka la Ndimu halikuwa na mtu mwingine. Kwake yeye mashine maana yake ilikuwa moja: kufuli mlangoni.

"Nenda chumba namba sita," daktari akasema. "Mtaalamu wa lishe atakuelekeza namna ya kula."

Chumba namba sita, nyuma ya meza, alikaa mwanamke wa kabati.

"Karibu, mzee wangu," alisema. "Mchwa wanakusalimu."

"Wazima?"

"Wanakula vizuri kuliko mimi."

Mwanamke alivuta karatasi akaanza kuandika. Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vyakula vya kopo, isizidi kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima. Kwa hiyo ya jikoni iwe nusu kijiko. Nyama, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole. Na kwa kuwa potasiamu yake ilikuwa imepanda, viazi vikatwekatwe, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe.

"Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Nyingine kama ipi?" Ndimu akauliza.

Mwanamke alimtazama kidogo, akaandika kitu pembeni. Ndimu hakukipenda kile kitu.

Njiani alizipima zile namba kama anavyopima mbao. Nusu kijiko? Hakuna anayetaja nusu kama nusu ndiyo anayoitaka. Huyu anamjua, dukani alianza chini vilevile. Aliyetaja nusu atatosheka na kijiko kimoja na nusu, na nyama ya kiganja ina maana ya viganja viwili. Ndimu akafunga biashara hiyo peke yake, barabarani, upande wa pili haupo.

Mke wake ndiye aliyemharibia. Aliibandika karatasi ukutani, akaifuata neno kwa neno.

"Mama watoto, hivi viazi vimefiwa?"

"Vimechemshwa, maji nimemwaga. Karatasi imesema."

"Imekupa nini karatasi, hata unaitetea hivyo?"

"Bado haijanipa kitu. Kula, tuone kama itaniachia mume."

Ndimu akatafuna huku akimchungulia. Wamekutana wapi hawa wawili, huyu na yule wa chumba namba sita? Tangu siku hiyo chakula cha mchana akawa anakula dukani, na kwenye droo ya meza ya kioo isiyopata mnunuzi akaweka pakiti yake ya chumvi. Siku tatu kabla ya kurudi hospitali alikula karatasi ilivyotaka, bila kunung'unika. Hiyo ilikuwa vanishi. Mteja akija, akute panang'aa.

Damu haikung'aa. Asilimia thelathini na tatu.

"Mzee wangu, unakula nini?" mwanamke aliuliza.

"Ulichosema."

"Nilichosema, au ulichojiongezea?"

Ndimu akavuta kiti karibu. "Dada, tuongee kama watu wazima. Ile nusu ilikuwa ya kuanzia. Nipe ya mwisho."

Mwanamke akaweka kalamu chini. "Kumbe! Miezi mitatu unashindana na mimi? Dukani nilitaka kabati, wewe ulitaka mteja, tukavutana. Hapa unavutana na nani? Hata ukila vijiko vitano, mimi sipungukiwi kitu."

Ndimu aliitafuta faida ya yule mwanamke. Aliitafuta usoni, mezani, hata kwenye bango la mboga ukutani. Hakuiona, na hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu mtu asiyetafuta faida huna pa kumbania.

"Na safari hii nataka kuona mgongo," mwanamke akaongeza. "Mifukoni mna nini?"

Ndimu akasitasita, kisha akatoa ufunguo, leso, na karatasi ya vidonge vya maumivu iliyobakiza viwili. Kubeba makabati kulimvunja kiuno. Alikuwa akimeza vitatu kwa siku.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita."

"Hivi vinaumiza figo, mzee! Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

"Niliuliza dawa yoyote!"

"Yoyote si jina la dawa."

Mwanamke alisimama, akamvuta mkono hadi kwa daktari kama mtu aliyekamata mwizi. Daktari alivipiga marufuku vile vidonge, akampa dawa nyingine ya maumivu, akamwambia asitegemee kilichopotea kirudi.

Hakikurudi. Asilimia tisa zilikwenda, na Ndimu ndiye aliyezilipa. Lakini huu ni mwaka wa pili figo zinacheza kati ya asilimia thelathini na mbili na thelathini na tatu, mashine haijamwona, na duka linafunguliwa kila asubuhi. Mwanamke alipata mgonjwa mmoja anayetaja kila kilichopita kooni mwake, hata kipande cha jibini alichoonja kwa jirani. Gharama yake ni nusu saa kila mwezi, maana Ndimu humwagia mezani pakiti na makopo, wabishane juu ya maandishi madogo ya nyuma mpaka foleni ianze kulalamika.

Nusu kijiko imebaki nusu kijiko. Ndimu bado anaamini mahali fulani palikuwa na punguzo. Ameacha tu kulitafuta.