Kipimo Kisicho na Matabishi

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa sekondari, hapa Mikelenge, mjini Kindu, wana vyombo vya kupimia vyenye namba, na bado wanamwaga maji sakafuni kana kwamba wamekuja kuoga. Nawagombeza, kisha namkumbuka madamu aliyenifundisha hesabu wakati wa vita, naona haya kidogo.

Yeye hakuwa na kitu. Hata rula kubwa ya ubaoni wanajeshi waliichoma kama kuni. Basi akamwagiza kila mmoja wetu aje na chombo cha kwao: chupa ya bia, bidoni ya mawese, kopo la maziwa. Kwa chupa moja ya seramu, yale maji ya dripu, yenye mistari ya kipimo, aliyoiomba hospitali, tulipima vyote kisimani na kuvikwaruza alama kwa msumari. Kumbe chupa kubwa ya bia haifiki lita! Sisi tulikuwa tukiapa kwamba inafika.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na matabishi, ile nyongeza ya muuzaji. Sokoni Kindu, mama muuza mchele akishajaza kopo anaweka kilima juu, kisha anakutupia konzi nyingine ya bure. Asiyefanya hivyo ni mchoyo. Nasi darasani, tukipima mchanga kwa kijiko, tulifanya vivyo hivyo, kwa moyo mkunjufu. Madamu alikuwa akipitisha kidole juu ya kijiko na kukifyeka kilima.

"Kule soko, muongeze. Hapa kipimo haina matabishi."

Tulimcheka sana akigeuza mgongo.

Kisha ugonjwa wa kuhara ukaingia mtaani, ukamwangusha yeye mwenyewe. Mume wake alikuwa amekwama mbali, Punia, na hospitali seramu zilikuwa zimekwisha. Muuguzi akatuambia tumtengenezee maji: lita moja iliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Chumvi ikizidi, alisema, itammaliza. Sukari siku zile ilikuwa adimu. Tulipita nyumba kwa nyumba, za Waislamu na za Wakristo, na watu wakatoa walichokuwa wamekificha, kijiko kwa kijiko. Mpaka leo nawavulia kofia.

Chumvi nilishika mimi. Mwenzangu wa darasa akanidaka mkono, machozi yakimtoka.

"Ongeza kidogo. Madamu iko mugonjwa sana, na sisi tunamupenda."

"Tukiongeza, tutamuua."

Nilisema hivyo, lakini hata mimi nilitamani kumwongezea. Kumpimia mtu unayempenda bila kumzidishia hata chembe ni kazi ngumu. Nikapitisha kidole, kilima kikaanguka, nikarudisha nusu kwenye kopo la chumvi, iliyobaki nikaitia majini, nikakoroga.

Kesho yake jioni aliketi mwenyewe, akaomba ugali. Tulipiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja. Lakini mimi kilichonikaa moyoni ni kile kikombe cha kwanza, tulipomwinua kichwa, macho yake yameingia ndani. Mwanamke ambaye hakuwahi kukubali jibu letu bila kulipima upya kwa mkono wake, hakuuliza tumetia vijiko vingapi. Alifungua mdomo, akanywa.